Wimbo wa Viatu vya Nyangeta

Keki ilikuwa inaletwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Watu wamesimama, vigelegele vimeanza, na DJ akaweka sauti yangu.

Ilikuwa sendofu ya Esther, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, binti wa shoga yangu, ukumbini Bunda. Nilitoka Musoma na kitenge kipya, nimejipulizia manukato kuua harufu ya dagaa ninaowaanika Mwigobero, nikasema leo na mimi nifurahi kidogo. Ngoma ikalia, halafu mwanamke akaanza kuimba kwa Kijita, lugha yetu. Nikajisemea, huyu mama ana sauti kama yangu. Akaendelea: "Nyangeta, viatu vyako vipya viko mlangoni, nani atavivaa?"

Alikuwa ni mimi.

Ni mimi Marcelina, siku tulipomzika mwanangu Nyangeta kule Kiriba, mwaka juzi. Alikuwa na miaka tisa. Malaria ilimchukua kwa siku nne, na viatu vya shule hajavivaa hata mara moja. Niliimba pale kaburini yaliyonitoka moyoni. Mama yangu alinifundisha kwamba maombolezo ya mtoto huimbwa mara moja tu, yakishaimbwa yanazikwa naye. Na sasa yamefukuliwa, yamewekewa ngoma, na mzee mzima mwenye suti anayakatikia kiuno mbele ya keki!

"Zima!" nilipiga kelele. "Zima hiyo kitu!"

DJ akadhani nimelewa. "Mama, tulia. Hiyo ndo inabambaga sasa hivi. Mpaka Butiama mnadani wanaipigaga."

Alinitajia aliyeitengeneza: kijana mmoja anaitwa Shija, mwenye studio nyuma ya stendi ya Bunda. Jumatatu nilikuwa mlangoni kwake. Chumba kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai. Matusi nilikuwa nimeyapanga njia nzima, lakini kijana akasimama, akaniachia kiti chake, akaniamkia kwa heshima zote. Nitamtukana vipi mtu wa namna hiyo?

"Marahaba. Nani amekupa kilio changu?"

Nikamweleza yote.

"Mama, mimi Kijita sikijui. Nilitumiwa kwenye grupu la WhatsApp, nikajua ni wimbo wa zamani tu, hauna mwenyewe. Nikaingiza kwenye kompyuta, ikaondoa kelele zote, ikabaki sauti."

"Kelele gani?"

Nikaelewa kabla hajajibu. Kelele ni dada zangu wakilia. Kelele ni mchungaji akisoma neno, na koleo zikirudisha udongo juu ya mwanangu. Kompyuta imefuta msiba mzima, imeniacha peke yangu nikiimba.

"Futa," nikasema.

"Ya kwangu nafuta saa hii hii, mama. Lakini nilishauuza kwa jamaa mmoja wa mbali. Yeye ndo ameusajili huko mtandaoni kwa jina lake, na simu hapokei. Na ile rekodi ya mwanzo niliifuta zamani, na lile grupu nilishatoka."

Wiki tatu zilizofuata sikuwa na pa kukimbilia. Bodaboda wanapita nao, kibanda cha chipsi kinao, wanawake wenzangu wanaanika dagaa kwa mwendo wake bila kujua ni wangu. Nilikuwa naziba masikio kwa kanga.

Mwishowe nikaenda Buhare kwa Mwalimu Revocatus, anayefundisha kompyuta na kusaidia watu kujaza fomu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Nyangeta, sheria iko upande wako. Uliutunga wewe, ni wako, hata kama hukusajili popote. Shida ni kwamba huko mtandaoni anayesikilizaga kwanza siyo hakimu, ni mashine. Mashine inataka rekodi yako mwenyewe. Nani alirekodi siku ile?"

Alirekodi kaka yangu Thadeo. Wiki ile ile ya msiba nilimsimamia kama askari mpaka akafuta mbele ya macho yangu, nikimwambia maombolezo hayawekwi kwenye simu; kumbe alishawatumia watu. Ushahidi wangu niliuua mwenyewe.

"Basi itabidi uimbe tena," akasema taratibu.

Niliogopa kuliko siku ya maziko. Lakini nikiuacha, mwanangu atachezwa kwenye kila harusi ya mkoa huu wa Mara. Nikamwomba Nyangeta msamaha kimoyomoyo. Mwalimu akafunga mlango, akaweka simu mezani, nikafumba macho nikaimba mpaka mwisho. Akatuma huko mtandaoni pamoja na malalamiko yangu.

Jibu lilirudi chai haijapoa. Imekataliwa. Sauti hii inafanana na wimbo unaomilikiwa na mtu mwingine.

"Mimi nimejiibia mwenyewe?" nikafoka. "Hiyo mashine ina wazimu!"

"Ngoja kwanza, mama." Akarudisha rekodi, akasogeza simu sikioni. Akasikiliza mara mbili, akakunja uso. "Siku ya maziko kulikuwa na ngoma?"

"Ngoma ya nini kwenye kaburi la mtoto?"

"Hapa kuna kitu kinagonga chini ya sauti yako. Imba tena. Polepole, kama ulivyoimbaga siku ile."

Nikaanza. Nyangeta, viatu vyako vipya viko mlangoni. Mwalimu akainamisha macho, akatazama chini ya meza. Na mimi nikatazama.

Mguu wangu ulikuwa unapiga mdundo wa Shija.

Nikalishika goti kwa mikono yote miwili, nikatafuta nilivyoimba siku ile. Wimbo ule wa kaburini sikuupata. Nikaanza upya hivyo hivyo, na mguu wa pili ukaanza kugonga.