Kichwa cha Babu Chapungua

Kwa niaba ya sayansi, na kwa heshima zote anazostahili mtu aliyetimiza miaka sabini na moja, umma wa Timbwani ulijulishwa kwamba mwili wa Mzee Mwinyihaji ulikuwa umeanza rasmi kupungua. Tangazo lilitolewa sebuleni baada ya chakula cha mchana, mbele ya hadhira ya babu mmoja, bibi mmoja na paka. Mtangazaji alikuwa mjukuu wao Mahir, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni na ambaye kidevu chake bado kilikuwa na mchuzi.

"Pingili za mgongo hukaribiana," Mahir alisoma daftarini kwa sauti ya khatibu wa Ijumaa. "Misuli hupungua. Ngozi hulegea." Hapo maneno ya Mwalimu Kyalo wa biolojia yalikoma, yaliyofuata yalikuwa ya Mahir mwenyewe. "Na kichwa nacho hupungua, Babu. Inchi nzima."

"Kichwa?" Mzee Mwinyihaji alicheka. "Niondokea hapa na balaa lako, weye!"

Asubuhi ya pili kofia yake ilishuka mpaka kwenye nyusi.

Haukuwa muujiza. Mzee huvaa kofia za mkono alizoshonewa na mkewe, Bi Mwanarehema, zenye vitundu kwa mamia vilivyozungushiwa uzi mweupe, namba ishirini na mbili. Sandukuni mlikuwa na nyingine ya nakshi ile ile, namba ishirini na tatu, ya Ukasha, babake Mahir, ambaye yuko Doha na huivaa akija kwa Idi. Mahir alizibadilisha. Alikusudia kucheka siku mbili, kisha airudishe kila moja mahali pake.

Hakuzirudisha, maana mambo yalikuwa matamu mno. Babu aliketi barazani akiwaeleza wenzake kwamba kichwa cha binadamu ni kama nazi, hukauka kwa ndani. Mzee Tinga wa nyumba ya pili alijipima chake kwa kamba ya kiatu, akaenda zake bila kumaliza kahawa.

Wiki ya pili, saa ya mkononi ikaanza kumteleza Babu kuelekea kiwiko. Mahir aliistaajabia ile saa, kwa kuwa hakuigusa. Kisha mshipi wa kikoi ukahitaji tundu jipya, likatobolewa kwa msumari. Babu akawa anamaliza jagi la maji kabla ya adhuhuri na kuagiza jingine, na njia ya chooni haikupoa. Gazeti akalisoma kwa kulisogeza mbali, halafu karibu, halafu akalikunja. Mahir aliyaandika yote hayo daftarini, nusu ya ukurasa, kisha kalamu ikawa nzito.

Ijumaa, Babu akijitayarisha kwenda msikitini, Bi Mwanarehema alimsimamia mlangoni.

"Ukitoka huko twende zahanati, wakakutoe damu kidoleni, wakupime sukari."

"Kwani mimi mgonjwa? Ni uzee huu. Kijana kasoma, kaniambia mapema."

"Na hino kiu?"

"Mtu hukauka, Mwanarehema."

"Na sisimizi waliojaa chooni, nao ni uzee?"

"Hao muulize Mahir. Ndiye daktari."

Mahir alimtazama paka. Paka akaondoka.

"Kiko wapi basi hicho kichwa kilichopungua?" Bi Mwanarehema aliivua kofia kichwani mwa mumewe, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye ukingo. Kidole kikasimama. "Hini si yako. Ni ya Ukasha. Kitundu hiki nilikikosea siku aliyonipigia kusema amepata kazi, nikakirudia kwa uzi mnene." Hakupaza sauti. "Mahir."

"Labeka, Bibi."

"Nani kafungua sanduku?"

Uongo ulikuwa tayari, umepigwa pasi na kukunjwa: kofia zilichanganyika siku ya kufua. Ungemwokoa Mahir kabisa. Ungeuacha pia mhadhara wake mzima palepale, na Babu ndani yake, akikauka kwa ridhaa yake mwenyewe.

"Ni mimi," alisema. "Kichwa hakipungui, Babu. Mwalimu hakusema hivyo. Nilitunga, kisha nikabadilisha kofia ili uniamini."

"Wallahi?"

"Wallahi, Babu."

Mahir alingoja kofi. Badala yake Babu aliinua mkono, na saa ikateremka peke yake.

"Na hii? Umeichezea?"

"La, Babu."

"Mshipi je?"

"Sikuugusa."

"Yale maji. Hukuyatia chumvi, ati nione kiu?"

"Sikutia kitu."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Mahir alitamani awe na makosa mengi zaidi. Angekubali yote, hata ya wale sisimizi.

Mzee aliivua saa akaiweka mezani. "Nipe kofia yangu, Mwanarehema. Ile ndogo." Aliivaa, ikamkaa sawasawa kama siku zote. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Chukua hilo daftari. Tukitoka kusali, utamsomea daktari kama ulivyonisomea mimi, kwa sauti ile ile. Na mahali pa kichwa usiparuke."