Hata Mbuzi Kaandikwa Mtoto wa Fikirini

Siku ile nyumba yangu ya Chiungutwa ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ndoo. Mimi hilo silichukii. Nyumba isiyo na watu naiona kama jiko lisilo na moto, na tangu nilipohamia hapa sijakaa hata jioni moja bila mtu kuja kuniambia la jirani. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu binti yangu Shamila atoke unyagoni, na picha za sherehe zilikuwa zimekuja kutoka studio ya Faridi, Masasi mjini, zimepangwa kama filamu, na chini ya kila picha maneno yake. Tulifunga mapazia mchana, tukatundika shuka jeupe ukutani. Projekta niliazima shuleni.

Maneno yale niliyasema mimi mwenyewe. Siku nzima nilikaa studio, Faridi anabonyeza, mimi nataja. Huyu ni somo wa mwali. Hawa wametoka Ndanda, wamekuja na ngoma yao. Na picha ya kaka yangu Mussa, amesimama na kanzu mpya mbele ya mwali, nilimwambia aandike hivi: Mussa Sijaona, mjomba wa mwali, ndiye aliyemsimamia.

Kwetu mwali hana njia bila mjomba. Mjomba ndiye anayetoa ruhusa, ndiye anayesimama mbele ya watu, na jambo likiharibika ndiye anayeulizwa. Mussa alishuka kutoka Makote na baiskeli, mbuzi kamtanguliza kwenye bodaboda, magunia ya mahindi yakafuata. Baba wa mtoto, Fikirini, aliondoka Shamila hajaota meno, akaenda Newala kuoa. Siku ya kutoka mwali alikuja na miwani ya jua, akala pilau, akapiga picha.

Na mwakani ni zamu ya mdogo wake Shamila, Faidha, ambaye baba yake ni mwingine. Kaka ninaye mmoja tu.

Basi filamu ikaanza. Picha ya kwanza Shamila, chini imeandikwa: mtoto wa Fikirini. Nikajiambia labda Faridi amekosea moja. Ya pili, masufuria ya pilau: mtoto wa Fikirini. Ya tatu ngoma: mtoto wa Fikirini. Alipotokea yule mbuzi wa Mussa, amefungwa kwenye mkorosho, naye kaandikwa mtoto wa Fikirini, watu wakaanza kucheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo.

Kisha akatokea Mussa. Amesimama peke yake, kanzu nyeupe, uso wa heshima. Chini yake: mtoto wa Fikirini.

Nyumba nzima iliangua kicheko, na Mussa mwenyewe amekaa palepale na sahani yake. Na Fikirini alikuwepo, maana kwenye mkusanyiko wa chakula hakosi. Akasimama akiwa na kikombe cha chai, akamwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Njoo mwanangu, njoo. Baba yako niko hapa."

Kaka yangu aliweka sahani chini, akatafuta viatu vyake mlangoni, akatoka. Mimi nikamfuata mpaka barabarani namwita, hakugeuka. Niliporudi ndani Fikirini alikuwa ameshika simu mbele ya shuka, anapiga picha ile ya Mussa. Jua halijazama ilikuwa kwenye makundi yote ya simu, Masasi mpaka Newala. Kesho yake Mussa alinipigia, akasema maneno machache tu: Faidha mtafutie mtu mwingine, kwa mfano huyo baba yangu Fikirini.

Nililia kwa hasira, nikanawa uso, nikapanda gari la Masasi.

Faridi aliniona akasimama. Kijana mzuri, mtoto wa watu, lakini siku ile sikutaka kumwona uzuri wake. Akanipa shikamoo. Sikuitikia. Nilivuta kiti nikakaa karibu na kompyuta, nikamwambia afungue.

Akaanza kunieleza. Picha zote za wateja anaziweka kwenye programu moja, ndiyo maktaba yake. Kuna mahali ndani yake unaandika kanuni, yaani unaiambia kompyuta ichukue nini na ikiandike wapi, ili usiandike moja moja. Yeye ameiboresha. Sasa inachukua jina la mtoto kama lilivyo shuleni, inalichomoa jina la pili, ambalo ni la baba, inaweka mbele yake neno mtoto wa. Akaitumia kwa kila picha ya albamu zote ili zifanane.

"Na niliyokutajia siku nzima yamekwenda wapi?"

Akasema yamefutika, lakini anayo nakala. Akasema pia, kwa unyenyekevu, kwamba mjini watu wanapenda hivyo, jina la baba linaonekana.

Nilimuuliza yeye kwao ni wapi. Akasema Chiungutwa, upande wa mama. Nikamuuliza alipokwenda jandoni nani alimsimamia. Akatazama kibodi. Akasema mjomba.

"Basi ulijua," nikamwambia. "Mgeni angefanya hivi ningemsamehe. Wewe ulijua, ukaona kanuni yako ni nzuri zaidi."

Hapo mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi anasubiri picha za kipaimara, Lois, Mama Joel, akasogea. Akataka na zake zifunguliwe. Mwanawe anaitwa Joel Bartholomayo, na Bartholomayo ni babu, baba wa mumewe. Picha ya kwanza kufunguka ilikuwa ya mume wa Lois: mtoto wa Bartholomayo. Akasema hiyo angalau ni kweli. Ya pili ilikuwa askofu, na mikono yake juu ya kichwa cha Joel: mtoto wa Bartholomayo. Mama Joel akakaa chini, akauliza kama hiyo imeshatumwa parokiani.

Ilikuwa imeshatumwa.

Nilimwekea Faridi kiwiko mezani, nikamtajia kanuni mpya mimi niliyeishia darasa la saba. Palipoandikwa kwa mkono, isiguse. Pasipoandikwa, itazame kama mtoto ana mjomba, iandike mpwa wa fulani, na iandike kwenye picha ya mtoto peke yake, siyo ya sufuria. Kama haijui, iache wazi, na wewe uulize. Akasema nafasi ya kuandika mjomba haipo kwenye programu. Nikamwambia aiweke. Ikawezekana. Dakika kumi na tano, kazi imekwisha. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Nikaenda Makote na filamu mpya mkononi. Sikumwita mtu, walijaa wenyewe, wanajua nikija nimekuja na jambo. Tuliwasha televisheni ya Mussa. Yeye alikuwa uani anaanika korosho, nikamwomba aje mara moja tu. Alisimama mlangoni. Ilipofika picha yake, mjomba wa mwali, ndiye aliyemsimamia, watu wakapiga vigelegele. Yeye alisoma taratibu mpaka mwisho.

"Vizuri," akasema. "Na ile nyingine iko kwenye simu ngapi?"

Watu wakaangalia chini.

"Siti, kwa Faidha nitasimama. Mtoto hana kosa. Lakini picha, hapana. Asije mtu na kamera, wala simu."

Nikakubali. Ningefanyaje? Mimi ninayependa kila kitu kionekane na kila mtu, mwakani mwanangu wa mwisho atatoka unyagoni na sitabaki na hata picha moja ya kuwaonyesha wageni.

Juzi Faridi kanitumia ujumbe. Shikamoo mama, kanuni sasa iko sawa, je, nikuwekee siku ya Faidha? Nimeusoma. Marahaba yake ninayo mpaka leo.