Kunde za Tausi

Mwalimu Yudith ndiye aliyelifundisha darasa lake pale Mwera kubishana kwa ushahidi. Kitabu kilipodai mbegu haioti gizani, Tausi alipanda kunde ndani ya kopo, akalifunika gubigubi, zikaota. Wenzake walimbishia weee, mwisho wakakubali.

Mtihani wa majaribio wa wilaya ukauliza: je, mbegu huota gizani? Tausi akajibu ndiyo, akalieleza na kopo lake. Yudith, aliyeitwa kusahihisha, aliutambua mwandiko. Lakini mwongozo ulisema hapana. Akambishia msimamizi.

“Mwalimu, hapa tunasahihisha, hatubishani.”

Yudith akaufyata, akatia kosa kwa wino mwekundu.

Karatasi ziliporudi, Tausi alimfuata.

“Shikamoo, mwalimu. Aliyenikosesha alikuwa na ushahidi gani?”