Mikono Chini ya Shali

Mchora vibao alifika kwenye ukumbi wa picha wa mji saa tatu asubuhi, akafunga nyuzi nyeupe juu ya turubai, sita za wima na nane za kulala, akaanza na mraba wa juu kushoto. Ndivyo alivyopanga herufi za vinyozi na maduka ya dawa kwa miaka ishirini na saba, naye hakuona kwa nini uso wa mtu udai adabu nyingine.

Picha aliyoinakili ilitambulika kuwa kazi ya Bingwa, mchoraji mkuu wa mji: mwanamke ameketi, uso umegeuka kidogo, mikono imefunikwa na shali. Mama mzazi wa mchora vibao alipoonyeshwa rasimu alisema huyo Bingwa hajui kuchora vidole, ndiyo maana akaleta shali. Kisha akamhimiza binti yake aharakishe. Alikuwa na miaka themanini na miwili, na alitaka kuchorwa kabla uso haujamkimbia. Lakini bila nakala ya picha hiyo yenye muhuri wa ukumbi, hakuna mchoraji aliyeruhusiwa kutundika picha ya mtu popote mjini.

Siku ya tano, mraba wa kifua ulipokauka, shali ya kwenye nakala iliteleza. Mikono ikatokea. Ilikuwa na rangi ya bluu chini ya kucha, na kidole cha kati cha mkono wa kushoto kilikuwa na sugu ya brashi. Mchora vibao alidhani amekosea hesabu ya nyuzi, akapaka shali upya. Kesho yake ikateleza tena, na mkono wa kushoto ulikuwa umenyooshwa, kiganja juu, kama wa fundi anayeomba bisibisi. Akaupa brashi. Mwanamke wa kwenye nakala akarekebisha shavu lake kwa mipigo mitatu mifupi, ikiteremka kutoka kushoto kwenda kulia, mipigo ya mtu wa mashoto, kama mipigo yote ya picha ya ukutani. Lakini katika picha yake mwenyewe iliyo mlangoni mwa ukumbi, Bingwa ameshika brashi kwa mkono wa kulia.

Mlinzi wa ukumbi alisogea kutazama.

"Wako ameomba mapema," alisema. "Wengine huchukua wiki tatu."

"Wengine wangapi, kaka?"

"Arobaini na wawili, nikikuhesabu wewe."

Akampeleka stoo. Rafuni kulikuwa na vipande arobaini na kimoja vya turubai, vimekatwa vizuri kwa wembe, kila kimoja na mikono yake. Mingi ilikuwa imetulia. Jozi moja ilikuwa ikisafisha brashi.

Msimamizi wa ukumbi alikuwa mtu mpole. Aliisifu nakala, akaweka rula chini ya kifua cha mwanamke, akapiga mstari wa penseli. Alieleza kwamba ikikatwa hapo, yeye anagonga muhuri; utaratibu aliukuta. Kuhusu nani hasa alichora nini, alisema jambo hilo linajulikana, ila jina la Bingwa limeshafungwa ukutani kwa skrubu nne.

"Wembe huu hapa, mama. Dakika mbili tu."

Mchora vibao aliutazama mstari. Ulikuwa umenyooka.

"Mimi hupima mara mbili," alisema. "Hapa hapana cha kukata."

Akafungua nyuzi zake, akazikunja, akaondoka na nakala nzima kwapani.

Sasa nakala iko kwenye karakana yake, juu ya kiti kinachotazamana na cha mama. Mchora vibao huchora, mwanamke wa kwenye nakala hurekebisha. Picha ya mama inakaribia kwisha. Itaegemezwa ukutani, chini sakafuni, maana kuitundika hairuhusiwi. Mama anasema ni sawa tu, amesimama vya kutosha maishani.

Juzi ukumbi ulimwita mchora vibao apake upya kibao cha getini, kwa kuwa mvua ilikuwa imekula jina la Bingwa. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine, akaifanya. Aliporudi, mwanamke alimuuliza kama herufi zimekaa sawa.

"Zimenyooka."

"Alipenda zinyooke," mwanamke alisema, akachovya brashi, akarudi kwenye sikio la mama.