Sahani Kumi na Mbili za Bibi Zambila

Mpaka saa nne asubuhi ile, kila kitu nyumbani kwa Bibi Zambila kilikuwa kimekaa sawa. Chumba kipya kilinukia chokaa. Vitanda viwili vya mbao vilikuwa vimetandikwa mashuka yaliyonyooka kama karatasi. Paa halikuvuja tena, maana vijana wa kanisa na wanaume wa mtaa wa Waroma, watu wa kabila la Bibi Zambila, walikuwa wamelipanda wiki nzima, wakipokezana nyundo na kuchekana kwa kila msumari uliopinda. Na mezani ilikaa zawadi ya mwisho ya kanisa: sahani kumi na mbili nyeupe, zenye maua ya buluu ukingoni.

Saa tano angefika Bi Hortensia, afisa ustawi wa jamii kutoka mjini, na fomu yake. Akiridhika, Garofitsa na mdogo wake Narcis wangetoka kwenye nyumba ya yatima ya kanisa kule bondeni, walikoishi miaka miwili tangu wazazi wao wafariki, waje kukaa na bibi yao. Asiporidhika, kulikuwa na familia moja ya mbali iliyokwisha kusema iko tayari kumchukua Narcis. Narcis peke yake. Neno hilo, peke yake, lilikuwa limekaa kifuani mwa Bibi Zambila kama mwiba wa samaki.

Sufuria ya majani ya kabichi yaliyofungiwa nyama na mchele ilikuwa ikitokota. Alitoka dakika chache tu kufuata malai, ile krimu nzito ya maziwa, kwa jirani yake Rafira. Aliporudi, akamkuta Estera uani, amekunja mikono ya blauzi, anaimba pambio huku anaosha vyombo.

Estera alikuwa binti wa kanisa, mpole kiasi kwamba hata kuku walimpita bila kuharakisha. Alikuwa amekuja kusaidia tangu alfajiri.

"Bibi, sahani zilikuwa na vumbi la dukani," alisema, akitabasamu. "Nikaona nikuoshee. Nimemaliza zote."

Bibi Zambila alisimama na bakuli lake la malai mkononi.

"Beseni hilo umelitoa wapi, mwanangu?"

"Nyuma ya nyumba. Lilikuwa safi, Bibi, linang'aa."

Lazima ling'ae. Ndilo alilofulia sketi zake kwa miaka tisa, na alikuwa akilisugua kwa majivu. Lakini katika mtaa ule hata mtoto anayetambaa alijua: kinachofua nguo ya chini ya kiuno hakikutani na kinachokwenda mdomoni. Beseni la sketi linatundikwa nyuma, la vyombo linatundikwa karibu na jiko, na hayo mawili hayajuani. Sahani iliyooga kwenye beseni la sketi si sahani tena. Sabuni haiirudishi, maji ya moto hayairudishi, wala maombi.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema taratibu. "Sasa nenda kisimani, nichotee ndoo moja."

Estera akaenda mbio, amefurahi. Bibi Zambila akabaki na sahani zake kumi na mbili, zikimeremeta juani.

Hakuna aliyejua. Estera hakujua, na Bi Hortensia angejulia wapi? Bibi Zambila angezifuta, angezipanga, angetabasamu, na kufikia jioni watoto wangekuwa wake. Kisha kesho angempakulia Narcis kwenye sahani ile, na kesho kutwa tena, na kila tonge la mtoto lingemkwama yeye kooni. Kumlea mtoto kwa kitu unachojua ni najisi, huku unamwambia kula mwanangu, ni kumdanganya kila siku mara tatu.

"Liwalo na liwe," alisema, na sahani ya kwanza ikapasuka kwenye jiwe la kunolea, nyingine zikaifuata.

Kichwa cha Rafira kikachomoza juu ya ua. "We Zambila! Sahani huvunjwa harusini! Umejifanyia harusi peke yako? Bwana harusi yuko wapi?"

"Nenda zako, Rafira! Zimeogeshwa kwenye beseni la sketi."

"Uuui!" Rafira akashika mashavu. "Zote?"

"Zote."

"Basi rusha kwa nguvu, dada, hiyo ya tano haijavunjika vizuri."

Alikuwa ameinua ya kumi na mbili juu ya kichwa gari liliposimama mlangoni. Akashuka Mchungaji Ieremia, wakashuka watoto wawili waliochanwa nywele mpaka zikalala, na mwisho Bi Hortensia, na fomu yake kifuani. Mkono wa Bibi Zambila ulikuwa umeshaanza safari. Sahani ikapasuka mbele ya wote.

"Bibi," alisema Mchungaji, "hizo si zile sahani zetu?"

"Zilikuwa, Mchungaji."

Estera alikuwa amerudi na ndoo. Rafira, asiyejua kukaa na neno, alikuwa tayari amemweleza yote kutoka upande wa pili wa ua. Binti yule alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Mtu aliyezoea kunong'ona hata akiomba chumvi, siku hiyo alisikika mpaka barabarani:

"Ni mimi! Bibi hana kosa. Mimi ndiye niliyeziharibu, na yeye hakunikaripia hata kidogo!"

Akaeleza habari ya mabeseni, akijikwaa kila sentensi. Bi Hortensia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua fomu.

"Hapa panauliza vyombo vya chakula."

"Andika ukweli, mama," alisema Bibi Zambila. "Asubuhi vilikuwepo, sasa hakuna."

"Vyombo si tatizo kubwa." Bi Hortensia alivitazama vigae. "Ninachojiuliza ni kingine. Bibi anayevunja sahani mpya kwa sababu ya beseni, mtoto akimjia na matope mpaka puani, atamfanya nini?"

Garofitsa akamshika mdogo wake mkono.

"Nitamwogesha," alisema Bibi Zambila, akishangaa swali lenyewe. "Mtoto si sahani, mama. Sahani ikiharibika hivyo, basi tena. Mtoto haharibiki. Hata akilala kwenye zizi la farasi, namtia maji, namtia chakula mdomoni, kazi imekwisha. Namvunja ili iweje?"

Narcis ndiye aliyejibu, kwa njia yake: "Bibi, kabichi zinaungua."

Wakakimbilia jikoni. Ziliungua chini tu. Bibi Zambila akapindua ugali wa mahindi ya njano juu ya ubao, akaukata kwa uzi, kipande kwa kila mtu, na sufuria ikakaa katikati. Wakazunguka meza, mikono imeoshwa. Bi Hortensia aliketi na kipande chake kiganjani, hajui aanzie wapi.

"Bonyeza na dole gumba," Narcis alimfundisha. "Hapo katikati. Ehee. Sasa chota malai. Usiogope, hata ikimwagika sisi hatusemi."

Ikamwagika, kwenye mkono wa koti lake. Watoto wakatazamana, wakafumba midomo kwa nguvu zote, na kicheko kikawatoka puani. Bi Hortensia akacheka nao, akaomba kipande kingine.

Alipomaliza akaandika kwa muda mrefu. Jikoni palisikika kalamu tu na kijiko cha Mchungaji kikikwangua sufuria.

"Nitapita tena mwezi ujao," alisema hatimaye. "Watoto wabaki."

"Wote wawili?" Garofitsa aliuliza.

"Wote wawili."

Rafira akapiga yowe lililowatoa majirani ndani. Bibi Zambila akamkumbatia Estera aliyekuwa karibu zaidi, na binti yule akalilia begani mwake wakati huohuo akicheka.

"Haya, watoto," alisema Mchungaji, akitafuta funguo za gari. "Twende mara moja bondeni mkachukue nguo zenu, kisha niwarudishe."

Narcis alisimama. Garofitsa hakusimama. Aliingia chumba kipya, akapanda kitanda cha dirishani, akakumbatia nguzo ya kitanda kwa mikono miwili.

"Mimi siendi. Nguo niletewe."

"Na viatu vya Jumapili je?"

"Viletwe."

"Na mswaki?"

Akafikiri. "Mswaki mpe mwingine."

Mchungaji akaondoka peke yake, anakariri njia nzima vitu vya kuchukua.