Mkono wa Mkamwana

Bwana mifugo hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Getruda. Mtu aliyezoea kufokea watu kuhusu josho na kupe, asubuhi hiyo alisimama kwenye zizi la Lenard, jirani wa Getruda hapo Mjimwema, Njombe, akamtazama ng'ombe aliyekuwa akichuruzika mate, kisha akauliza kwa upole kama mchungaji aliyekuja msibani.

"Mama Elius, ng'ombe wako alikufa hivihivi?"

"Hivihivi. Wiki sita sasa. Alikwamwa na kiazi kooni."

"Mlikiona hicho kiazi?"

Hawakukiona. Lakini nani angekitafuta? Kila mfugaji pale huwapa ng'ombe viazi vidogo visivyouzika, na ng'ombe akishindwa kumeza hakuna mjadala, mtu anatia mkono. Mkono wa Getruda, mpana kwa miaka ya jembe, ulikuwa umegoma kupita. Ndipo akamwita Eveline, mkamwana wake, aliyeolewa na Elius miezi mitatu tu kabla ya hapo. "Njoo wewe mwenye mkono mwembamba!" Binti akaja mbio, akauzamisha mkono hadi kiwiko, na vidole vyake vilikuwa vimejaa michubuko ya kuvuna viazi. Hakusema kwamba anaogopa. Mkamwana gani wa miezi mitatu atamwambia mama mkwe kwamba anaogopa?

"Huyu ana kichaa cha mbwa," alisema bwana mifugo. "Na wako alikuwa nacho. Kuna mbwa amewauma huko malishoni. Kirusi kinakaa kwenye mate. Nani alitia mkono?"

Getruda alimtaja Eveline.

Bwana mifugo akamweleza bila kumficha. Kirusi hiki hakina haraka. Kinaingia kwenye kidonda, kinashika mshipa wa fahamu, kinapanda nao polepole kuelekea kwenye ubongo. Muda wote huo mtu anakula, anacheka, anafua nguo zake. Chanjo ikikiwahi njiani, mtu anapona. Kikishafika, dalili zinaanza, na hapo hakuna dawa, iwe hapa au Ulaya. Na mara nyingi dalili ya kwanza hutokea palepale kilipoingilia: panawasha, panachonyota, panakufa ganzi.

Eveline alikuwa Makambako kwa mumewe, aliyekuwa akipasua mbao huko. Simu yake iliita weee, haikupokelewa. Getruda aliondoka na mabuti yenye samadi, mlango hakuufunga.

Ndani ya basi aliutazama mkono wake mwenyewe na kuupima kwa macho. Vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Kiwiko mpaka begani. Bega, shingo. Wiki sita! Kidudu kisichoonekana kinatembea kwa mwendo gani? Abiria wa pembeni alimsalimia, hakumsikia.

Alimkuta Eveline uani, anaanika nguo. Binti alifuta mikono haraka, akapiga goti kama alivyofundishwa kwao.

"Kamwene, mama. Mbona ghafla? Kwema?"

Amenenepa, anatabasamu. Getruda alitamani kumkumbatia na kulia hapohapo. Alimweleza habari ya ng'ombe, kisha akamuuliza, "Mkono wako haukusumbui? Hauwashi?"

"Hapana, mama. Mimi mzima kabisa."

Getruda akamshukuru Mungu. Wamekiwahi! Alimshika mkono, akamkokota hadi kwenye zahanati, huku akimtania kwamba sindano ni nyingi na hakuna kukimbia.

Nesi, mwanamke wa makamo aitwaye Telesia, alivaa glavu na kuuliza yaleyale. Vidole vinawasha? Eveline alimtazama mama mkwe wake kwanza, kisha akajibu. "Hapana." Unalala vizuri? Akamtazama tena. "Ndiyo." Kichwa hakiumi? Macho yakamrudia Getruda kwa mara ya tatu.

Hapo Getruda akaona kosa lake. Huyu mtoto alikuwa akijibu kwa adabu ileile iliyomfanya atie mkono kwenye kinywa cha ng'ombe. Mbele ya mama mkwe angejibu "hapana" mpaka kesho.

"Nesi," alisema, akajikaza sauti isimsaliti, "mimi natoka nje kidogo."

Mlango wa mbao haukufungika vizuri. Alisimama nyuma yake, ameshika kitasa kwa mikono miwili, akimwomba Mungu jibu lisibadilike. Telesia aliuliza upya, taratibu, swali la vidole. Kisha sauti ya Eveline ikaja kwa haraka, ndogo, kama mtu anayetua mzigo.

"Tangu Jumapili, nesi. Vinachonyota mpaka begani, usiku silali. Ila nakuomba mama asijue. Atajilaumu."