Kaptura za Kijani

Fundi cherehani alizilinganisha shule mbili za msingi za kata yao kwa matundu tu. Kaptura za kahawia, za shule ya sokoni, zilitoboka makalioni kwa kusugua sakafu isiyo na madawati. Za kijani, za shule ya mlimani, zilitoboka mifukoni kwa ncha za penseli.

Shemeji yake, mwalimu mkuu wa shule ya sokoni, hakuchoka kujipigia debe. “Wale wa mlimani ni maneno matupu, shemeji,” alisema, akimkabidhi mfuko wa nguo za mwanawe zilizohitaji viraka.

Fundi akaufungua, akatoa kaptura mbili za kijani.

“Nishone kwa uzi wa rangi gani, shemeji?”

“Kijani,” akanong'ona mwalimu mkuu. “Na ufunge dirisha.”